Mzee wetu na nyasi za St Andrews

Tuliswali Ijumaa mjini Dundee, mashariki ya Scotland, kisha tukavuka daraja refu la Mto Tay kuelekea kusini. Safari ya gari kutoka hapo hadi St Andrews haikuzidi nusu saa. Tulikuwa sita: Mzee wetu, ambaye mwaka huu ametimiza miaka 77; sisi wawili, mume na mke; watoto wetu wawili, wa kiume na wa kike; na mdogo wetu anayefanya kazi Dundee, ambaye ndiye aliyetualika na ndiye aliyeshika usukani. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa Juni. Majira hayo jua la nchi ile huzama saa nne za usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na nusu alfajiri, na mgeni hushangaa kuona Alasiri inaingia karibu na saa kumi na mbili, huku watoto wa mtaani wakicheza kana kwamba mchana ndiyo kwanza umeanza.

Mzee hakuomba kuonyeshwa majumba ya wafalme wala maduka. Aliomba kuona uwanja wa gofu. Binti yetu alipolisikia neno hilo aliuliza, "Gofu la nyumba, Babu?" Tulicheka, lakini mtoto hakuwa amekosea sana, maana St Andrews ina yote mawili. Kanisa kuu lake la zamani, lililokuwa kubwa kuliko yote nchini Scotland, limebaki gofu kweli: kuta mbili tatu zilizosimama juu ya jabali la bahari, na makaburi katikati. Mchezo wenyewe uko upande wa pili wa mji, kwenye nyasi.

Tulijua kwa mbali kwamba utotoni Mzee alikuwa kedi, yaani kijana wa kubeba mkoba wa fimbo na kumfuata mchezaji kutoka shimo hadi shimo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950, katika klabu moja ya pwani yetu, naye akiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja. Hakupenda kuyazungumza. Tulichowahi kusikia ni kwamba alilipwa senti chache, na kwamba kedi hakuruhusiwa kushika fimbo isipokuwa kuifuta.

Ardhi ambayo mchezo huu ulikulia juu yake si ardhi ya kawaida. Waskoti huiita "links". Ni ukanda wa mchanga ulio kati ya ufuo na mashamba, ambao bahari iliuacha iliporudi nyuma zamani sana, upepo ukaukusanya kuwa vilima na mabonde madogo madogo, kisha nyasi ngumu zikaota juu yake. Mkulima hana haja nao, kwa sababu mchanga haushiki maji wala mbolea. Kwa hiyo uliachwa kwa mifugo, kwa sungura, kwa wanawake waliotaka mahali pa kuanika nguo, na kwa watu wenye nafasi ya kucheza. Hakuna aliyekaa na karatasi akauchora uwanja ule wa kale. Upepo na mvua viliuchonga, kondoo wakazifupisha nyasi kwa meno yao. Na husimuliwa kwamba yale mahandaki ya mchanga yanayowatesa wachezaji yalianza kama mashimo ambamo kondoo walijibanza wakikimbia baridi. Lipo moja lenye kina cha kumzidi mtu mzima, na wenyeji wamelipa jina la Jahanamu. Mzee hakulipenda jina hilo hata kidogo. Alisema jambo hilo si la kufanyiwa mzaha, akaendelea na njia yake.

Mti hakuna. Hilo ndilo la kwanza kuligundua mtu aliyezoea viwanja vya kwetu vyenye miarobaini na mikorosho ya kivuli. Kuna vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, kuna majani marefu juu ya vilima vya mchanga, na juu yake ni mbingu. Upepo hauna cha kuuzuia. Mke wetu na binti yetu walizidisha pini katika mitandio yao mara mbili kabla hawajafika mbali, na mdogo wetu akatuambia kwamba siku ile wenyeji wangeiita shwari.

Kwa sababu ya upepo huo, mpira wa pwani ile haupigwi kama tunavyouona katika televisheni, ukipaa juu na kuanguka kama embe. Ukipaa, upepo unauchukua. Mchezaji hodari huupiga chini chini, uanguke mapema, kisha utambae juu ya ardhi ngumu, upande kilima, ushuke bonde, na mara nyingine uende kusikotakiwa. Mtu anaweza kupiga vizuri kabisa na kuharibikiwa, na mwingine akakosea na kufikishwa. Mzee alisimama kwenye ukingo, akaitazama bendera ya shimo lililo karibu, akaokota ubua wa nyasi na kuurusha hewani. "Unatoka kushoto, na kule mbele unageuka," akamwambia mjukuu wake. Alikuwa akiusoma upepo wa nchi ambayo hajapata kuikanyaga, kama nahodha anavyousoma msimu wa kusi.

Kisha tukaona kitu ambacho kilimsimamisha.

Pale mjini, uwanja wa kale unapoanzia na unapoishia, kuna barabara ndogo inayokatiza katikati ya nyasi kwenda ufukweni. Inaitwa Granny Clark's Wynd, na ni njia ya umma. Wachezaji wanne walikuwa wamekwisha jipanga, mmoja wao ameinua fimbo. Mama mmoja akatokea na kigari cha mtoto, nyuma yake watoto wawili wenye ndoo za kuchezea mchanga. Mchezaji akaishusha fimbo. Wote wanne wakasimama, mikono wameiweka juu ya fimbo zao, mpaka mama yule akavuka na mtoto wa mwisho akakumbuka kwamba alikuwa ameangusha koleo lake, akarudi kuliokota. Hakuna aliyepaza sauti.

"Wanamngoja," Mzee akasema.

"Ndiyo, Baba," mdogo wetu akamjibu. "Barabara ni yake."

Wageni wengi hudhani uwanja ule ni wa matajiri, kwa sababu ya majengo makubwa ya mawe yaliyoupakana. Majengo hayo ni ya klabu, na klabu zina wanachama wake na milango yake. Ardhi ni jambo jingine. Mgeni anayetaka kucheza uwanja wa kale hulipa zaidi ya pauni 300 wakati wa kiangazi, athibitishe kiwango chake, na mara nyingi aingie katika kura. Mwenyeji wa mji hukata tiketi ya mwaka mzima kwa bei nafuu sana na kucheza. Haki hiyo ni ya zamani. Mwaka 1552 askofu mkuu wa mji aliitambua kwa maandishi: yeye alipewa ruhusa ya kufuga sungura katika mchanga ule, na watu wa mji wakabakiwa na haki yao ya kucheza gofu, mpira na michezo mingine humo.

Haki iliyoandikwa nayo huweza kupotea. Mwaka 1797 baraza la mji lilikuwa limefilisika, likaitoa ardhi ile ili kulipa madeni. Ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura, nao wakawajaza wanyama hao, wakauchimbua uwanja matundu kila mahali. Wachezaji wakaenda mahakamani. Watu wakawaua sungura. Wenye sungura wakawatetea. Ugomvi huo ulidumu zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka 1821 mwenye shamba jirani, James Cheape wa Strathtyrum, alipoinunua ardhi na kuinusuru. Mji wenyewe uliirudisha mikononi mwake kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1894. Tangu mwaka 1974 inasimamiwa na bodi ya udhamini kwa niaba ya umma, ambayo leo ina viwanja saba, na cha kale ni kimoja tu kati ya hivyo.

Msomaji wa gazeti hili atakuwa amekwisha kumbuka jambo lililo karibu naye. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi ya Khaybar na kumtaka shauri Mtume (S.A.W.), alielekezwa aishike asili yake na kuyatoa matunda yake sadaka, ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Hatusemi kwamba Waskoti waliweka waqfu. Waqfu ni ibada na ina nia yake. Lakini tulipoisoma habari ya baraza lililouza ardhi ya watu kwa sababu ya madeni, hatukuwa na haja ya kwenda Scotland kuielewa. Ni wangapi kati yetu wana kiwanja walichochezea utotoni, ambacho leo kina ukuta? Ni misikiti mingapi ya pwani yetu ilikuwa na shamba la minazi la kuiendesha, na sasa shamba halijulikani lilikwendaje? St Andrews iliuza, ikajuta, ikahangaika karibu miaka mia moja kuirudisha. Walioirudisha hawakuwa na elimu ya fiqhi. Walikuwa na kumbukumbu tu, na maandishi waliyoyatunza.

Siku ya Jumamosi tulicheza. Si katika uwanja wa kale, ambao hautuhusu kwa kiwango wala kwa mfuko, bali katika kiwanja kidogo kiitwacho Balgove, chenye mashimo tisa, kilichotengwa kwa watoto na wanaoanza. Tulikodi fimbo chache na mkoba mmoja. Hapo ndipo tuliposhuhudia jambo ambalo hatukulitarajia. Mkoba ulipowekwa chini, mkono wa Mzee ulikwenda wenyewe, akautia begani na kusimama hatua mbili nyuma ya mjukuu wake, upande wa kulia, kimya. Hakuna aliyemwambia. Miaka zaidi ya 65 ilikuwa imepita.

Mtoto akageuka. "Babu, leo mimi ndiye kedi," akasema, akauvuta mkoba kutoka begani kwake, akauvaa, nao ukamfika magotini.

Mzee aliishika fimbo. Tulidhani angehitaji kufundishwa, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha jifunza kwa kutazama, miaka yote ile. Alijua miguu ikae vipi na mikono ikutane wapi. Mwili ndio uliokuwa haujapata kufanya. Pigo la kwanza likapita juu ya mpira bila kuugusa. La pili likaugusa kwa juu, ukatambaa hatua kama 30 katika nyasi. Akaufuata akitembea polepole, akaupiga tena, na tena, na upepo ukauchukua mmoja hadi vichakani, ambako tuliutafuta sote mpaka tukachomwa na miiba. Katika shimo la sita alisimama mbali na bendera, pengine hatua 12. Alikataa ushauri wetu. Akachuchumaa, akaitazama miteremko ya nyasi kwa muda mrefu kiasi cha kutufanya tuwaombe radhi waliokuwa nyuma yetu, kisha akausukuma mpira taratibu. Ulikwenda kulia, ukapinda, ukaonekana kusimama, ukadondoka shimoni. Mzee hakushangilia. "Kwetu lilikuwa la mchanga uliomwagiwa mafuta," akasema, akimaanisha eneo linalozunguka shimo katika klabu ile ya utotoni. "Kazi yangu ilikuwa kulifagia. Nililijua kuliko wao."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi tuliyopata kumsikia akiyasema juu ya habari hiyo.

Wasomaji watauliza kama mchezo huu unatufaa. Tunavyoona sisi, kupiga mpira kwa fimbo na kutembea maili nyingi kwenye hewa safi hakuna ubaya. Ubaya uko pembeni mwake. Upo utamaduni wa kuwekeana fedha kwa kila shimo, na hiyo ni kamari hata ikiwa ni shilingi moja. Upo ulevi unaongoja mwisho wa mchezo. Na upo muda: mashimo 18 huchukua saa nne na zaidi, na asiyepanga ataipoteza Adhuhuri au Alasiri. Sisi tulipanga. Anayefuga mazoea ya kuupanga mchezo kuizunguka swala, si swala kuuzunguka mchezo, hatakosa nafasi. Inafurahisha, tukiwa katika habari hii, kwamba mwaka 1457 Bunge la Scotland liliwapiga watu marufuku kucheza gofu na kandanda, kwa sababu walikuwa wakiacha mazoezi ya kurusha mishale. Mishale ni mchezo ambao Mtume wetu (S.A.W.) aliuhimiza. Mfalme yule hakuwa mwenzetu katika dini, lakini katika hilo tungemwelewa.

Wanawake nao wana kisa chao. Karibu na uwanja wa kale kuna kiwanja cha vilima na miteremko mikali kinachoitwa Himalayas, mahali pa kusukuma mpira tu. Ni cha klabu ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1867, zama ambazo haikuonekana adabu kwa mwanamke kuinua fimbo juu ya bega. Basi wakajitengenezea mchezo wa kutoinua, na umedumu mpaka leo, na familia za wageni hulipa kidogo zikaingia. Klabu kubwa ya wanaume iliyo pale karibu haikuwakubali wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 2014. Mke wetu alilipokea somo hilo la historia kwa utulivu, kisha akatushinda sote. Binti yetu ndiye aliyeandika hesabu, na bado anayo karatasi.

Tuliupitia pia ule ukumbi wa makaburi katika gofu la kanisa, kwa sababu Mzee alitaka kuliona kaburi la Tom Morris. Mtu huyo alizaliwa mjini hapo mwaka 1821, mtoto wa mfumaji, akawa mwanagenzi katika duka la kutengeneza mipira, enzi ambazo mpira ulikuwa ngozi iliyoshindiliwa manyoya ya ndege. Alishinda mashindano makubwa ya Uingereza mara nne, akautunza uwanja wa kale kwa karibu miaka 40, akafa mwaka 1908. Mzee alivutiwa na kazi ile ya kutunza kuliko ushindi. Alitaka kujua alikuwa akifagia kwa kitu gani.

Jumapili uwanja wa kale hufungwa. Desturi hiyo ilitokana na siku yao ya ibada, na wameishikilia mpaka leo, isipokuwa pale mashindano makubwa yanapomalizikia siku hiyo. Wangeweza kuuza nafasi zote za Jumapili kwa pauni hizo 300, na wanunuzi wangepanga foleni. Hawauzi. Badala yake nyasi zinafunguliwa kwa kila mtu, na mji mzima hutoka kutembea juu yake: wazee wenye bakora, wanafunzi wa chuo kikuu, watoto, mbwa wengi mno kwa raha yetu. Tulitembea nao. Tuliwaonyesha watoto ajabu ya mahali pale: mashimo mengi hukaa mawili mawili katika eneo moja la nyasi, moja la kwenda na jingine la kurudi, na kila jozi ukiijumlisha namba zake unapata 18. Mtoto wetu wa kiume aliikagua kila moja, akakuta ni kweli. Tulipita juu ya daraja dogo la mawe la Swilcan, ambalo wachungaji walivusha mifugo kabla ya watu maarufu kupigia picha. Mzee hakutaka picha. Kila tulipokaribia bendera, yeye alizunguka kwa pembeni, na tukakumbuka kwamba hata siku hiyo watu huombwa wasikanyage penye mashimo. Wengine tulikuwa tumekisoma kibao. Yeye hakuwa amekisoma.

Alasiri ilitukuta ufukweni, kwenye mchanga mpana wa West Sands ulio nyuma tu ya vilima. Maji ya kutawadhia tulikuwa nayo katika chupa, na yalikuwa baridi kama barafu. Kibla huko ni kusini-mashariki, hivyo tuliupa uso mji na minara ya lile gofu la kanisa, na upepo ukatupiga ubavuni. Mdogo wetu alitandika mkeka, akauwekea viatu kwenye pembe zake nne ili usipeperuke. Mzee akatangulia kuswalisha.

Tulipotoa salamu tulimwona mtu mmoja amesimama mbali kidogo, amemshika mbwa wake kwa ukosi. Alikuwa amemzuia asitukaribie, na kwa jinsi mbwa alivyokuwa akivuta, alikuwa amemzuia kwa muda. Akatuinulia mkono, akamwachia, wakaendelea na safari yao. Mzee alimtazama mpaka akatokomea, kisha akauliza ni nani tuliyemwomba ruhusa ya kuswali pale.

"Hatukumwomba mtu, Baba," mdogo wetu akasema.

Akatikisa kichwa, akaanza kukunja mkeka. Saa ilikuwa inakaribia moja za jioni, na jua lilikuwa bado juu. Mjukuu akauliza kama kuna muda wa kurudi Balgove kupiga mashimo mengine matatu. Mzee akasema upo, mpaka Magharibi.